Anzia Kwenye Karatasi, Urudi Kwenye Bunduki

(Hotuba hii niliitoa mbele ya wanachama wapya wa klabu yetu ya kulenga shabaha. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha, maneno yanajitosheleza.)

Mwenyekiti wetu, wazee wa klabu, wanachama wapya, na ninyi mlioletwa hapa na waume au wake zenu kwa ahadi kwamba mkutano utakuwa mfupi: habari za leo?

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo kila mgeni wa mchezo huu hulileta. Ninunue bunduki gani, ya kaliba gani, yaani ya risasi ya upana na aina gani, ili niweze kupiga shabaha ya mbali? Ni swali zuri. Shida ni kwamba mara nyingi muulizaji amekwisha kulijibu mwenyewe. Ana picha kwenye simu: mtutu mnene, kitako cha rangi ya jangwa, darubini ndefu kuliko mkono wake. Anachotafuta kwangu ni "ndiyo" tu.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwenye yadi 1,000, yaani mita 914, wahenga wamepatia nusu. Jembe lina uzito wake, tena mkubwa. Ila wengi wetu tunaanza kulichagua kwa kutazama mpini. Leo naomba tuanze upande wa pili. Tuanzie kwenye karatasi ya shabaha kule mbali, turudi nyuma hatua kwa hatua: karatasi, upepo, kichwa cha risasi, ganda lake linalobeba baruti, mtutu, na bunduki yenyewe ije mwisho. Karatasi kwanza, bunduki mwisho. Nitalirudia hadi mnichoke.

Na kabla ya yote hayo, kibali. Kila nchi ina sheria yake, na zipo zinazomkatalia raia kaliba fulani hata kama ni ya michezo tu. Usiipende bunduki ambayo sheria haitakuruhusu kuilaza nyumbani kwako.

Haya, karatasi.

Unataka kupiga umbali gani? Usiniambie "mbali". Mbali ni mita 300? Ni 600? Ni 1,000? Na utapiga kwa kanuni za nani?

Kulikuwa na mlengaji wa Kanada aliyeitwa George Farquharson. Umri ulimwendea machoni, na mashindano ya masafa marefu ya siku zile yalikuwa ya vilengeo vya chuma, bila darubini. Yeye na wenzake wakaomba wenye macho yaliyochoka waruhusiwe kufunga darubini na kuegemeza bunduki. Leo aina hiyo ya mashindano imeenea duniani kote na inaitwa F-Class, hiyo F ikiwa ni ya jina lake. Nawasimulia kwa sababu kanuni zilizotokana na ombi lile ndizo zitakazowachagulia kaliba wengi wenu. Upande wa F-T/R unaruhusu kaliba mbili tu, .223 Remington na .308 Winchester (namba hizo ni upana wa risasi kwa inchi, takribani). Bunduki inasimama kwa miguu miwili ya mbele, na uzito wote pamoja na darubini hauzidi kilo 8.25. Upande wa F-Open unaruhusu kaliba yoyote isiyozidi milimita 8, uzito hadi kilo 10, na egemeo zito la mbele. Wapo pia wanaopiga Palma, mashindano yaliyoanza 1876, kwa vilengeo vya chuma hadi yadi 1,000.

Nimewahi kumwona bwana mmoja akifika kwenye mashindano na bunduki nzuri ya milimita 6.5, ameiandaa mwaka mzima kwa ajili ya F-T/R. Hakuna aliyemwambia. Wakaguzi wakamhamishia F-Open, akalala na bunduki yake ya kilo 6 katikati ya mitambo ya kilo 10. Alipiga vizuri mno, na akashika mkia. Karatasi kwanza!

Sasa tuje kwenye kichwa cha risasi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Mnamo miaka ya 1850, jeshi la Uingereza lilikuwa na bunduki ya Enfield, gobori la kushindilia kwa mdomo lenye kipenyo cha inchi .577, karibu milimita 15. Serikali ikamwita mhandisi Joseph Whitworth aitazame. Whitworth hakuwa mpiga bunduki, alikuwa fundi wa kupima vitu. Na alipopima, alifanya jambo moja la akili sana. Aliacha uzito wa kichwa cha risasi uleule, greni 530, yaani gramu 34. Lakini alikifanya chembamba, inchi .451, kwa hiyo kikawa kirefu. Kisha akaongeza msokoto wa mifereji ndani ya mtutu: Enfield ilizungusha risasi mara moja kila inchi 78, yeye akaizungusha mara moja kila inchi 20. Walipozishindanisha mwaka 1857 katika yadi 500, wastani wa kupotoka wa Enfield ulizidi futi 2. Wa Whitworth haukufika nusu futi. Katika yadi 1,400 Enfield ilitawanya risasi kiasi kwamba hapakuwa na cha kupima.

Jeshi halikuichukua, maana ilikuwa ghali na mtutu wake ulishika masizi upesi. Lakini tarehe 2 Julai 1860, mashindano ya kwanza ya chama cha taifa cha bunduki cha Uingereza yalipofunguliwa Wimbledon, Malkia Victoria alivuta kamba ya hariri iliyofungwa kwenye kifyatulio cha Whitworth iliyokazwa juu ya egemeo. Yadi 400. Risasi ikatua inchi moja na robo kutoka katikati kabisa. Walengaji wa pale, naamini, hawakulala.

Uzito uleule, wembamba zaidi, urefu zaidi, msokoto wa kasi zaidi. Mnasikia? Hiyo ni 1857, na kila kaliba mpya inayotangazwa leo kwa mbwembwe ni mjukuu wa wazo hilo. Kichwa kirefu na chembamba hupasua hewa kwa wepesi. Wataalamu wana namba ya kupimia jambo hilo, kipeo cha balistiki: ikiwa kubwa, kichwa hupoteza mwendo polepole.

Faida yake ni nini kwenye karatasi? Tuchukue risasi mbili zinazojulikana. Moja ni .308 Winchester, iliyoingia sokoni 1952, yenye kichwa cha gramu 11. Nyingine ni 6.5 Creedmoor yenye kichwa cha gramu 9. Bunduki zote mbili zimerekebishwa kwa mita 100. Kwenye yadi 1,000, ile ya .308 itakuwa imeshuka karibu mita 10, ile ya 6.5 kama mita 8. Mgeni akisikia mita 10 anashtuka. Usishtuke! Mvutano wa dunia ni uleule leo na kesho. Unazungusha kitufe cha darubini kwa kipimo, yamekwisha.

Upepo ndio hauna kitufe cha kudumu. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa utaisukuma .308 zaidi ya mita 2, na 6.5 mita moja na nusu na ushee. Duara la pointi 10 kwenye shabaha ya F-Class ya yadi 1,000 lina upana wa inchi 10, sentimita 25. Sasa fikirini: ukiukosea upepo kwa kilomita 3 tu kwa saa, .308 inakutoa karibu nusu mita, 6.5 inakutoa theluthi moja ya mita. Zote mbili ziko nje ya duara. Kichwa bora kinakusamehe kiasi, hakikusomei upepo. Anayewaambia kaliba fulani "haisikii upepo" anawauzia kitu.

Kuna jambo la pili. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, na risasi yako inaanza na mwendo zaidi ya mara mbili ya huo. Njiani inapungua. Ikifika karibu na mwendo wa sauti, hewa inayoizunguka inavurugika na kichwa kinaweza kuanza kuyumba. Kipo kichwa maarufu sana cha .308, cha greni 168, kilichobuniwa kwa mashindano ya mita 300. Kwenye mita 300 ni cha kuabudiwa. Kipelekwe yadi 1,000, pembe ya mkia wake haikubali kushuka chini ya mwendo wa sauti kwa utulivu, na karatasi inarudi kutoka kwenye handaki la shabaha na tundu refu la kichwa kilichogonga kwa ubavu, kama pana tundu lenyewe. Kile cha greni 175, chenye mkia wa pembe ndogo zaidi, kinapita pale kwa amani. Kaliba ni ileile, ganda ni lilelile. Kwa hiyo ukiniuliza ".308 inafika yadi 1,000?" nitakuuliza: yenye kichwa gani?

Msokoto wa mtutu unafuata hapohapo. Kichwa kirefu kinataka kuzungushwa kwa kasi, kama pia: ikizunguka polepole inapepesuka. Kwa 6.5 yenye vichwa vizito tafuta msokoto wa inchi 8. Kwa .308 inchi 10 au 11. Kwa .223 angalia kwa makini, maana mitutu mingi ya zamani ni ya inchi 12, imetengenezwa kwa vichwa vyepesi vya gramu 3 na nusu. Ukitaka kuipeleka mbali kwa vichwa vya gramu 5, unahitaji inchi 8 au 7. Namba hiyo mara nyingi imechongwa kwenye mtutu wenyewe. Isome kabla hujatoa pesa. Wauzaji wengi wanaijua kaliba, wachache wanaujua msokoto.

Je, basi tusichukue tu ganda kubwa kuliko yote, baruti nyingi, mwendo mkali, tumalize ubishi?

Nawajua wenye wazo hilo, wamekaa safu ya nyuma. Sikilizeni.

Alikuja kijana hapa na .300 Winchester Magnum. Bunduki ya heshima, tangu 1963. Inatumia kichwa kilekile cha kipenyo cha .308, ila ganda lake linabeba karibu gramu 5 za baruti, wakati .308 inabeba chini ya 3. Katika mita 100 matundu yake yalitawanyika kiganja kizima. Alilaumu darubini. Alilaumu risasi. Mkufunzi wetu hakubisha naye. Alichukua nafasi ya kumpakilia bunduki, na katikati ya risasi hai akamtilia moja ya bandia bila kumwambia. Kijana akavuta. Kifyatulio kikalia "tik", bunduki haikulipuka, na sote tukaona: jicho limefumba, bega limeruka mbele, mdomo wa mtutu umechovya chini. Alikuwa anaukimbia mshindo ambao haukuwepo. Teke la bunduki lilikuwa limemfundisha woga, na woga wa mwili hauondolewi kwa ushauri. Alipewa .223 msimu mzima. Sasa hivi kati yenu wapya hakuna atakayemfikia, naye yupo hapa anacheka.

Kwa hiyo chagueni kaliba mnayoweza kuipiga siku nzima. Siku nzima, narudia. Siku ya mashindano inaweza kula risasi 60 na zaidi, na mazoezi ni mengi kuliko mashindano.

Halafu kuna mtutu kuchakaa. Hili halionekani dukani, na wengi hulijua limeshawakuta. Kila risasi inaunguza kidogo pale mifereji inapoanzia, mbele ya chemba risasi inapolazwa. Baruti nyingi ikipita kwenye tundu dogo, moto ni mkali zaidi. Mtutu wa .308 ukitunzwa unaweza kupita risasi 5,000 ukiwa bado unafaa kwa mashindano. Wa 6.5 Creedmoor tarajieni 2,000 hadi 3,000. Ile 6.5-284, iliyotamba sana kwenye yadi 1,000, huweza kumaliza mtutu kati ya risasi 1,000 na 1,500. Pigeni hesabu wenyewe: mtu anayepiga risasi 100 kwa wiki anamaliza mtutu wa 6.5-284 kabla ya msimu kumalizika. Bingwa anajua na ana mtutu wa akiba chumbani. Mgeni anajikuta matundu yanatawanyika na hajui kwa nini, anabadilisha darubini, anabadilisha kitako, anabadilisha hata miwani.

Sasa nisimulie hii 6.5 Creedmoor ilikotoka, maana wapo wanaoidharau kwa kuwa imependwa mno. Kampuni ya risasi ya Hornady iliitoa 2007. Dave Emary, mtaalamu wao wa balistiki, alikaa na bingwa wa shabaha Dennis DeMille wakaandika orodha ya mambo ambayo mlengaji anayahitaji. Orodha ile naipenda. Itoshee kwenye magazini ya kawaida. Isilazimishe shinikizo la juu mno. Isitafune mtutu. Teke lake livumilike. Na kipimo cha baruti kiandikwe palepale kwenye boksi, ili anayejipakilia risasi nyumbani apate kitu kilekile. Je, mmesikia popote wakisema iwe ya kasi kuliko zote? Hamjasikia. Na kusema kweli Uswidi na Norwe walishafika karibu na jibu hilo tangu 1894, kwa 6.5x55 yao, ambayo mpaka leo inatoboa karatasi bila kelele.

Upatikanaji pia ni sehemu ya usahihi. Kaliba adimu inakulazimisha kuchanganya maboksi ya matoleo tofauti, na mwendo ukitofautiana, matundu yanapanda na kushuka. Kwa .308 kwenye yadi 1,000, tofauti ya mita 10 kwa sekunde kati ya risasi na risasi ni kama sentimita 30 za kwenda juu au chini. Duara la pointi 10, kumbukeni, ni 25. Nunua risasi za mashindano, za toleo moja, nyingi kwa mara moja. Mwenye uwezo na ajifunze kupakilia mwenyewe, chini ya anayejua.

Na bunduki? Ndiyo, tumefika, na sitachelewa hapa.

Mtutu mzuri, mzito kiasi, usiogusa kitako. Dukani chukua karatasi, ipitishe kati ya mtutu na kitako. Iteleze bila kukwama mpaka karibu na chemba. Ikikwama, uliza. Kifyatulio chepesi kisichokokota, kinachokatika palepale kila mara, ndani ya uzito unaoruhusiwa na kanuni zako. Kitako kinachoweza kurekebishwa ili shavu likae na jicho likutane na darubini bila shingo kujinyonga. Chini ya darubini weka reli yenye mwinamo wa dakika 20 za pembe, la sivyo .308 inaweza kumaliza kitufe kabla hujafika yadi 1,000. Dakika moja ya pembe, kwa wageni, ni milimita 29 kwenye mita 100. Bunduki inayoweka risasi 10 ndani ya hapo inakutosha kuanza. Nimesema 10. Kundi la risasi 3 linamfurahisha mwenye duka.

Mwaka 1874, Creedmoor, New York, Wamarekani na Waairishi walipambana watu sita kwa sita, yadi 800, 900 na 1,000. Waairishi walikuja na magobori ya Rigby ya kushindilia kwa mdomo, Wamarekani na Remington na Sharps za kupakilia kwa nyuma. Dunia nzima ya walengaji ilitaka kujua aina ipi ni bora. Wamarekani walishinda 934 kwa 931. Lakini Mwairishi mmoja, Milner, alikuwa amepiga katikati kabisa ya shabaha ambayo haikuwa yake. Pointi sifuri badala ya 4. Na risasi ya mwisho ya Wamarekani ilipigwa na John Bodine, mkono umefungwa leso, damu inatoka, kwa sababu chupa ya kinywaji cha tangawizi ilikuwa imempasukia muda mfupi kabla. Akatia katikati. Bishaneni basi kuhusu Rigby na Remington.

Nimeletewa vikaratasi vya maswali, nijibu vitatu nikae. Aliyeuliza achague nini kama hajui atashindana wapi: .308 kama klabu yako inapiga F-T/R, 6.5 Creedmoor kama hakuna kanuni inayokuzuia, mtutu wa inchi 24 au 26, na usiguse kitu kingine hadi umalize boksi kadhaa. Aliyeuliza kuhusu bunduki iliyotumika: nunua kwa bei inayobakisha pesa ya mtutu mpya, na uuhesabu ule wa zamani kama zawadi. Aliyeuliza kama .338 Lapua, lile ganda kubwa, inamfaa kuanzia: hapana, bwana. Chukua .22, njoo siku yenye upepo, tuiweke karatasi mita 200.